Kura za Marehemu Zimehesabiwa Upya

Geeveston,
Tasmania.
9 Agosti 1987

Mpendwa Dada Thelma,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji Reg, nyonga yake imekubali kutembea au bado anaibembeleza kwa fimbo? Mimi mwili mzima. Theluji imeshuka mlimani mpaka karibu na mashamba ya matofaa, na kuni sasa nazipasua mwenyewe, tena vibaya.

Asante kwa simu yako siku tuliyomzika Athol. Najua usingeweza kuja, Reg akiwa ndiyo kwanza ametoka kupasuliwa. Sikulaumu. Wiki ya kwanza nilikulaumu sana, lakini imepita.

Dada, upweke unanitafuna. Athol alipokuwa mbunge simu ililia kila tulipokaa mezani: mtaro wa huyu umeziba, mama wa yule amekosa kitanda hospitalini. Niliichukia ile simu. Sasa nainyanyua nisikie kama bado inafanya kazi. Supu nayo sijajua kuipika ya mtu mmoja. Blanketi letu la umeme lina swichi mbili, upande wake na upande wangu, na mimi nawasha zote mbili.

Sasa nikupe habari yenyewe. Huko kwenu bara, ng'ambo ya bahari, mbunge wa jimbo akifa watu huitwa wakapige kura upya. Kwetu sivyo. Kwetu jimbo moja lina wabunge saba, kila chama husimamisha majina kadhaa, na mpiga kura huwapa wagombea namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mbunge akifariki zinatolewa zile zile karatasi zilizompa kiti. Zinasomwa tena kutafuta wenyewe walimtaka nani baada yake. Anayeweza kukipata ni yule tu aliyegombea naye akashindwa, kama bado anakitaka.

Na mimi niligombea, kama unakumbuka. Usicheke. Chama kilipungukiwa jina moja, Athol akaniandikisha nijaze nafasi. Sikuhutubia hata mara moja, kazi yangu ilikuwa kukata mikate. Lakini yeye kila aliposimama, kwenye maonyesho ya matofaa, kwenye ukumbi wa zimamoto, alimalizia kwa maneno yale yale: "Mimi nipeni namba moja, na mke wangu mpeni namba mbili, la sivyo leo nalala njaa!" Watu walivunjika mbavu, nami nilijificha nyuma ya birika kwa haya.

Baada ya mazishi akaja Bwana Prowse, katibu wa chama. Alikunywa chai, akala keki yangu vipande viwili, ndipo akafungua mdomo. "Mama Merle, tafadhali jina lako usilirudishe kwenye hesabu hii. Yupo kijana wetu Lidbury, mwanasheria, naye aligombea, amejiandaa vizuri. Wewe pumzika."

"Bwana Prowse," nikamwambia, "mjane hapumziki. Anakaa tu."

Nikatia sahihi fomu ya kurudisha jina siku hiyo hiyo. Na wewe nikwambie kweli, maana sina mwingine wa kumwambia: sikufanya kwa ajili ya nchi. Nilitaka asubuhi nipate pa kwenda, na mtu wa kuniuliza nimeamkaje.

Siku ya kuhesabu nilikwenda Hobart, nikakaa nyuma ya kamba pamoja na huyo Lidbury. Wakaleta kura za Athol. Sikujua itaniuma vile. Kila karatasi yeye ndiye wa kwanza, na kila karatasi karani aliliruka jina lake kama mtu anayeruka dimbwi, akatazama linalofuata. Nilitamani kumwambia, jamani, angalau litaje. Lilirukwa mchana kutwa.

Na lililofuata, mara nyingi kuliko nilivyodhani, lilikuwa langu. Mzaha mzaha hutumbua usaha, dada. Huu wa Athol umetumbua mbunge. Lidbury, muungwana yule, akanipa mkono. "Mama, mzee alinishinda akiwa hai, na leo kanishinda akiwa kaburini," akasema, na nusura nimkumbatie.

Nilifika nyumbani, nikasimama jikoni na kofia yangu kichwani, nikasema kwa sauti, "Nimeshinda." Friji ikaanza kunguruma. Nikalia mpaka moto ukazima.

Kesho yake nikaenda dukani kwa Dulcie kununua mkate. Nikamwuliza, "Dulcie, hivi wewe ulinipa namba mbili?"

"Nilikupa, mheshimiwa!"

"Kwa nini?"

"We! Nimwache Athol alale njaa?" Akacheka mpaka akashika kaunta, kisha akauona uso wangu. Akanifungia mkate mzima kama siku zote, akakumbuka, akaufungua na kuukata nusu.

Basi ndilo linalonikosesha usingizi. Sijui nimechaguliwa au nimechekwa. Nimewaza kukataa kiapo, Lidbury akipate hicho kiti. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na simu imeanza kulia tena, mitaro ile ile. Kiapo ni Jumanne ya tarehe 25.

Nisalimie sana shemeji Reg, na wapwa zangu Glenys na Trevor, na yule mtoto mpya ambaye hata picha yake sijatumiwa. Mwambie Glenys shangazi zake wa upande wa baba si peke yao wanaopenda picha.

Limebaki jambo moja. Juu ya ukumbi wa bunge kuna viti vya jamaa za wabunge. Miaka yote nilikaa pale, na Athol kabla hajakaa aliinua macho kuhakikisha nipo. Jumanne hiyo mimi nitakuwa chini, na najijua, nitainua macho. Sitaki maua wala hotuba. Nataka nikitazama juu nimwone mtu wangu. Reg mwachie chungu cha supu, uje.

Mungu akutunze, akulinde na njiani, maana mimi nimeshaamua kwamba unakuja.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Merle