Mlima Haujafungwa, Kaka

Nyumba ya Mwisho,
Barabara ya Msituni,
S.L.P. 46.
Jumapili, 12 Aprili

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Presha yako inaendeleaje? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza chumvi na wewe unaiba kwenye sahani za watoto. Sikucheka. Au nilicheka kidogo. Tafadhali msikilize daktari, maana katika ukoo wetu mkaidi mmoja anatosha, na nafasi hiyo nimeshaishika mimi.

Huku sote tu wazima. Mama macho yake ni yale yale, jicho la kushoto linaona na la kulia linasindikiza, lakini anakula vizuri na sauti haijapungua hata chembe. Mvua imeanza tangu wiki ya kwanza ya Machi na haijapumzika. Mashuka yanalowa hata yakiwa ndani.

Barua yako aliileta Mjomba. Alivua kofia, akaomba chai, akatusomea mezani mimi na Mama, polepole, kama mtu anayesoma hukumu. Kwamba nyumba ya wageni ifungwe kabla ya Juni. Kwamba apatikane mpangaji. Kwamba Mama na mimi tuhamie mjini kwenye ile nyumba yako ya chini, isiyo na ngazi, kwa sababu ya mguu wangu. Najua umeandika kwa mapenzi, Kaka, na mapenzi hayo nimeyapokea kwa mikono miwili. Maamuzi yenyewe nayarudisha. Hatuhami.

Usikasirike kwanza. Wewe habari zangu ulizonazo zinaishia kwenye kuanguka kule mlimani. Ulikuja hospitali, ukaona vyuma kwenye goti, ukarudi kazini. Yaliyofuata hakuna aliyekusimulia, hata mimi mwenyewe, kwa kiburi. Leo nakusimulia.

Nilipotoka hospitali, chama cha waongozaji kiliniita ofisini. Miaka kumi na tisa nimepandisha watu mpaka kileleni, unajua. Mwenyekiti alininyooshea mkono nikadhani ananipa pole, kumbe anataka beji. Akasema, "Dada, mlima kwako umefungwa. Pumzika." Nikaifungua beji kifuani mwenyewe, pini ikanichoma kidole, nikamkabidhi. Nilishuka barabarani kwa magongo na sikulia mpaka nilipofika nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako msumeno unapiga kelele na mtu akilia hasikiki.

Basi nikawa mkunja mashuka. Nyumba aliyotuachia Baba ina vyumba sita, na nilikuwa sijawahi kukaa ndani yake mchana wa siku ya kazi. Ndipo nikaona kitu ambacho miaka yote kilikuwa kinanipita. Kila kundi linalopanda linaacha watu nyuma. Akina mama wenye vichanga, mabibi, mababu, watoto wasiofikisha umri wa kuruhusiwa langoni. Wanaume wao wanaondoka na buti na vijiti, wao wanabaki barazani siku tano wakicheza karata na kutazama mawingu. Wamesafiri mbali kuja mlimani, halafu mlima wanauona kwenye kalenda ya ukutani.

Siku moja binti wa miaka kama saba alinijia nikiwa na rundo la foronya mikononi. Akaniuliza, "Shangazi, mlima unafunguliwa lini?" Sijui kwa nini aliniita shangazi, labda kwa sababu nilikuwa nimenuna kama shangazi. Nikamjibu, "Leo." Nikaweka foronya chini.

Tulikwenda yeye, mdogo wake, mama yao na mimi na fimbo yangu, mpaka kijito cha nyuma ya kiwanda. Mwendo wa nusu saa tulitumia saa mbili. Tukageuza mawe tukatafuta kaa wadogo. Tukampata kinyonga mmoja, naye akatutazama kwa jicho moja huku jingine likiendelea na shughuli zake. Niliporudi goti lilikuwa limevimba kama boga, na nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nianguke.

Toka siku hiyo sijaacha. Wale wa chama wana miezi yao minne ya kiangazi, baada ya hapo wanafunga lango la juu na kwenda kulalamika kwamba msimu umekwisha. Msimu wa nini? Kiangazi mimi napeleka watoto kuogelea kwenye bwawa la chini ya maporomoko, lile ulikopotezea kaptura. Mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali, tunatoka asubuhi jua likichungulia, tunakwenda kwenye mashamba ya kabichi ambako umande umeganda juu ya majani, watoto wanaumega kwa vidole na kuutia vikombeni kama vioo. Kuna watoto ambao hawajawahi kuona barafu nje ya friji, Kaka, na sura zao ukiziona utasahau chumvi. Miezi ya upepo tunarusha vishada kule kwenye mgongo wa kilima. Na mvua hizi unazozihofia ndizo tamu kuliko zote. Uyoga unaota usiku mmoja, na kila ukuta wa jabali unageuka maporomoko. Mchezo ni kuyahesabu. Rekodi inashikiliwa na bibi mmoja wa miaka sabini na sita: thelathini na moja, kwa siku moja, chini ya mwavuli.

Mwanzoni nilikuwa peke yangu. Kisha akaja Mpishi, yule aliyekuwa akipika kambi ya juu mpaka mapafu yakakataa hewa ya kule. Akaja Nusu Gunia. Unamkumbuka, mpagazi mwenye kifua kipana, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa akilalamika kila mzigo kuwa ni nusu tu, aongezewe. Sasa hawezi kushuka ngazi tatu bila kushika ukuta. Vijana wa chama wakituona barabarani, mmoja anachechemea, mwingine anahema, wa tatu anakokota mguu, wakatubatiza jina: Magoti Mabovu. Walidhani watatuaibisha. Nusu Gunia akaenda kwa fundi rangi, na sasa jina hilo liko kwenye ubao mbele ya nyumba, herufi za kijani, kubwa kuliko za chama chao. Wageni wanalipenda. Wanasema angalau hawa hawatatukimbiza.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nadhani ndilo lililokufikia likiwa limeongezwa chumvi, na wewe chumvi umekatazwa.

Mwezi uliopita ilikuja familia ya watu tisa. Baba mtu ni mfanyabiashara, mtu wa haraka. Alipanda na Mwenyekiti mwenyewe, kwa kibali maalumu, akafika kileleni, akashuka na picha zake. Siku ya mwisho akataka kuungana na sisi kwenda kwenye maporomoko makubwa, na Mwenyekiti akaja naye. Tulikuwa watu kumi na watatu pamoja na mama yake mzee na watoto wanne.

Tulipofika kwenye lile gogo la kuvukia, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sikuipenda rangi ile. Tena yalikuwa yameanza kubeba matawi, na mawe ya chini yalikuwa yakigongana, unayasikia kwa nyayo kabla ya masikio. Nikasema tunaishia hapa, tunarudi, maporomoko tutayaona kutoka upande wa huku.

Yule bwana akacheka. "Mimi juzi nilikuwa kileleni. Huu ni mtaro."

Mwenyekiti naye, badala ya kunyamaza, akasema, "Ni mguu wake unaoogopa, mheshimiwa. Mimi nitawavusha."

Kaka, damu ilinipanda. Nilikwenda nikakaa juu ya mwanzo wa gogo, nikanyoosha mguu wangu wa vyuma mbele yangu, nikasema, "Anayevuka na mtoto atapita juu yangu." Mpishi na Nusu Gunia wakasimama na watoto, wawili wawili, wakawashika mikono.

Yule bwana akaanza kupandisha sauti. Eti najua yeye ni nani, na mimi mwenyewe ni nani, na kadhalika. Katikati ya maneno yake, mama yake mzee akaja taratibu na bakora yake, akakunja kanga, akakaa kando yangu juu ya lile gogo bichi lenye maji. Akaniambia, "Sogea kidogo, mwanangu." Nikasogea. Akamtazama mwanawe. Mtu anaweza kumruka mwongozaji asiye na beji, lakini kumruka mama yako mzazi mbele ya watoto wako ni jambo lingine. Tulirudi.

Sasa nakwambia ukweli ili usije ukausikia kwa mwingine: mto haukulibeba lile gogo. Lipo mpaka leo. Huenda tungevuka wote tukarudi salama. Mwenyekiti anapita akilisema hilo kila kona, kwamba niliwanyima wageni safari yao kwa woga. Na mimi najibu kila kona kwamba kesho nikiiona ile rangi ya maji nitakaa tena pale pale. Baba alitufundisha kuvuka mito, lakini alianza kwa kutufundisha kurudi nyuma.

Bwana yule akapeleka malalamiko, na chama kikatuita. Ukumbi wao una viti vya plastiki, na sisi hatukupewa hata kimoja, na magoti yetu haya. Mwenyekiti akasoma karatasi: Magoti Mabovu wapigwe marufuku kuongoza wageni mlimani. Nikamwambia beji yao inaruhusu kupanda kileleni, na sisi hatupandi kileleni, tunauzunguka mlima. Wakacheka. Hapo ndipo Nusu Gunia alipozungumza, mtu ambaye sijawahi kumsikia akitoa maneno kumi mfululizo.

Akasema, "Miaka ishirini na miwili nimebeba mahema yenu, majiko yenu na viti vyenu vya kukunja. Haya magoti sikuzaliwa nayo hivi. Yamekwisha kwenye kazi yenu. Leo yanapata riziki kwa mwendo wayawezao, na nyinyi mnayafungia njia. Mimi kesho nina watoto sita wa kupeleka kutafuta uyoga. Nitakwenda."

Akatoka. Alichukua muda mrefu kuufikia mlango, na hakuna aliyethubutu kucheka tena.

Walipiga kura na tulishindwa. Lango la juu kwetu ni marufuku, imeandikwa na kugongwa muhuri. Lakini Mpishi akakumbuka kwamba njia za msitu wa chini si mali ya chama. Siku hiyo hiyo tulikwenda sisi watatu kwa Bwana Misitu. Alitupa kibali kwa masharti: waongozaji wawili kwa kila wageni kumi, daftari la majina, na wakati wa mvua hakuna kuvuka mto bila idhini ya mwongozaji. Sharti hilo la mwisho nilimwomba alirudie, kwa raha tu ya kulisikia. Siku iliyofuata tulikuwa na watoto sita msituni, na uyoga ulikuwa mwingi.

Mwenyekiti hajanisalimia tangu siku hiyo. Ninamsalimia mimi, kwa sauti.

Kuhusu Mama. Mjomba alipomaliza kusoma barua yako, sote tulimtazama yeye. Aliweka kikombe chini akasema, "Nimehamishwa mara moja katika maisha yangu, siku ya harusi. Inatosha." Kisha akamwambia Mjomba chai imeisha. Ujue pia kwamba yeye si mzigo hapa. Vitoto visivyoweza kutembea sana vinabaki naye jikoni. Anaviambia majina ya ndege kwa kusikia milio tu, na asubuhi wageni wazima wanakuja na madaftari kumuuliza. Mjini kwako atamsikia ndege gani?

Sikufichi, mguu unauma. Jumatano iliyopita nilikwama kwenye kigoda cha jikoni mpaka Mpishi akanivuta kama muhogo. Zipo asubuhi ninazozitazama ngazi za baraza na kuzichukia. Lakini kuuma utauma hata huko kwako pasipo na ngazi. Tofauti ni kwamba huku nina pa kuupeleka.

Basi jibu langu ni hilo, na Mama ameniambia nilitie mstari. Mpangaji asitafutwe.

Ila kuna jambo nakuomba. Watoto wako wana miaka tisa na kumi na mmoja, na mlima huu wanaujua kwa ile picha yako ya kileleni, uliyopiga kabla hawajazaliwa. Walete. Usiwalete kiangazi, kiangazi vyumba vyote vina watu na sitakuwa na muda nanyi. Walete sasa, kwenye mvua hizi hizi, na buti za mpira. Na wewe njoo na presha yako. Tunatembea polepole, na kama huwezi, Nusu Gunia atakungoja.

Mpe Wifi salamu zangu nyingi, na umwambie zile soksi za sufu zimefika na Mama havui. Wabusu wanangu wote wawili. Mjomba anakusalimu na anasema siku nyingine barua za namna hii uje uzisome mwenyewe. Mpishi na Nusu Gunia wanakusalimu pia.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe moyo unaodunda kwa mpangilio na watoto wenye ubishi wa kiasi.

Akupendaye, akukataliaye,

Dada yako mdogo