Nafasi Tupu Baada ya Nukta Mbili

Greensboro, Vermont
2 Oktoba

Mume wangu Lucien,

U hali gani huko Boston? Mimi mzima, baridi tu vidoleni. Bibi yako, mwalimu mstaafu wa hesabu, kashindwa na Python, ile lugha ya kompyuta uliyonifundisha. Natengeneza ubao wa mlango wa nyumba ya shira, ile tunamochemshia maji matamu ya miti ya msitu wetu: tarehe ambayo maji hayo yalianza kutiririka kila mwaka, tangu ulipoanza kuchemsha nami. Orodha nimeiita misimu. Ulinifundisha kwamba misimu[-1] ndio msimu wa mwisho, nawe ulianza msimu wa tano, na mashine huhesabu toka sifuri, basi nikaandika misimu[4:-1]. Msimu wa mwaka huu haukutoka! Jirani Gaston kausoma, akacheka: "Odile, mwaka huu mlilala?"

Niokoe.

Bibi yako


Boston
9 Oktoba

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo, nimecheka mpaka nikamwaga kahawa. Mwambie Gaston shira yake inafaa kulainisha bawaba.

Namba ya kulia kwa nukta mbili ni mpaka. Mashine husimama kabla ya kuugusa. Acha hapo patupu: misimu[4:]. Itafika mwisho, hata ukiongeza msimu mwingine baadaye.

Lakini mbona mwandiko wako unatetemeka? Ni baridi kweli?

Mjukuu wako


Greensboro
20 Novemba

Lucien wangu,

Natumai hujambo. Mimi si mzima, na si baridi. Ni moyo, daktari hadhani nitafika majira ya kuchemsha.

Kuna la pili. Gaston alitaka kuununua msitu wetu. Nilimkatalia, nikamwambia utarudi wewe. Sikukuuliza. Jibu lako naliogopa kuliko kifo. Ukisema hapana, nitamwita Gaston, nawe utabaki mume wangu vilevile.

Ubao umetoka vizuri. Ile nafasi nimeiacha tupu.

Bibi yako


Greensboro
11 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua yako sikuijibu, nilikuja na masanduku yangu yote, ukanitazama mlangoni ukasema, "Umenenepa." Tangu utuache Januari, nyumba ina kimya ambacho sijakizoea.

Leo maji yametiririka. Nimeongeza tarehe kwenye orodha, mstari wako wa misimu[4:] sikuugusa. Msimu mpya umetoka wenyewe, chini kabisa ya ubao. Gaston kausoma, akavua kofia. Kisha akaniambia shira yangu nyeusi kama lami. Tumeimwaga juu ya theluji igande, tukaila na matango ya siki kama ulivyotuzoesha. Fungu lako nimelila mimi.

Ardhi bado ni barafu, haichimbiki, na jeneza lako linangoja katika chumba cha makaburini; ikiyeyuka, Mei, tutakuzika. Nitakuja na barua hii, na chupa moja ya shira.

Mumeo