Mapazia ya Dirisha Lisilokuwepo

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kimya changu kirefu. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa karatasi. Kuna jambo nililokuwa nikilitazama, na mimi sipendi kuandika kabla sijatazama vya kutosha. Natumaini u mzima, na kwamba zamu za usiku pale wodini hazijakumaliza nguvu. Mimi sijambo. Goti la kushoto hulalamika asubuhi, kisha huzoea.

Jambo lenyewe ni la vitambaa. Mwaka ulipoanza, wifi yako alinijia kwa unyenyekevu mwingi akaniomba ufunguo wa kabati langu. Alisema anataka kukipamba chumba chao cha kulala bila kununua kitu dukani, kwa vitambaa vilivyomo humu humu ndani. Niliona ni wazo la mtu mwenye akili. Unanijua: miaka yote niliyokuwa matroni wa bweni sikutupa shuka. Lililochakaa katikati nililipasua, nikaunganisha kingo zake, likaendelea na kazi. Basi nikampa ufunguo. Alitoa yale mapazia ya bluu ya zamani, mashuka meupe mazito, kitambaa cha meza nilichodarizi mwenyewe, na blanketi la kijivu. Siku nyingine akaomba mashati ya marehemu baba yako. Hapo nilisita, lakini nikatoa. Marehemu havai shati.

Tangu hapo cherehani yangu haipumziki. Sasa sikiliza. Juzi niliingia chumbani kwao kuwapelekea nguo nilizoanua. Pazia ni lile lile la wavu lililotoboka. Mto ni ule ule wenye doa la mafuta ya nywele. Ukutani hakuna hata uzi. Vitambaa vinaingia chini ya sindano na havionekani tena.

Nikamuuliza, "Mapambo yako wapi, mwanangu?"

"Bado, Mama. Haraka haraka haina baraka."

"Na chelewa chelewa, utakuta mwana si wako."

Akacheka, lakini hakunitazama.

Kaka yako amekueleza lolote? Nijibu wazi.

Ni mimi,
Mama yako


19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Huku ni salama, ila miguu inavimba kwa kusimama. Pole kwa goti. Usiache kulipaka dawa niliyokutumia, na usiseme umelipaka kama hujalipaka.

Barua yako niliisoma jikoni, nikacheka mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana wasichana wa bweni walikuwa wakisema Matroni ananusa biskuti iliyo ndani ya sanduku lililofungwa. Mama, mtu akishona humo ndani ni kosa, asiposhona ni kosa. Sasa ashike lipi?

Wifi anajifunza. Anayejifunza hapendi kutazamwa kazi ikiwa nusu. Pengine anataka avitundike vyote siku moja, chumba kigeuke mara moja kama bibi harusi. Na kazi zenyewe si za siku moja. Ule ubao wa kuegemea kichwani mwa kitanda, kwa mfano, lazima kwanza ufunikwe blanketi, kisha shuka livutwe juu yake mpaka lisibaki na mkunjo, ndipo ligongomewe kwa nyuma. Ukiharakisha unapata kitu kama godoro la mgonjwa.

Kwa hiyo usimchimbe. Kaka hajaniambia kitu. Wasalimie wote.

Mwanao


27 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako imefika, nami nimefurahi kusikia u mzima ukiacha miguu. Iweke juu ya mto ukilala. Dawa nimeipaka. Umeridhika?

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza kama mama, na mara ya pili kama matroni. Mara ya pili ndiyo iliyonishinda kumeza. Mimi sikukuandikia habari ya ubao wowote wa kichwani mwa kitanda. Niliandika habari ya blanketi la kijivu, basi. Wewe umejuaje linakokwenda?

Lakini tuache hilo. Nilipokuwa nikifagia karibu na cherehani niliokota kamba ya katani yenye mafundo mawili. Wifi yako hatumii futi. Hupima kwa kamba, fundo hapa na fundo pale. Pembeni palikuwa na pazia moja la bluu ambalo amekwisha kulipinda, na nilipoinyoosha kamba juu yake, urefu wa pazia ulikuwa sawasawa na nafasi iliyo kati ya mafundo. Nikaichukua kamba hiyo nikaizungusha nyumba nzima. Nilipima dirisha la chumba chao, la changu, la sebule, la jikoni. Nilipanda juu ya ndoo nikapima hata kidirisha cha choo. Jirani yetu muuza mkaa alikuwa ukutani akinitazama.

"Matroni, unapima nyumba ili uiuze?"

"Napima uongo," nikamwambia.

"Basi hiyo kamba ni fupi."

Kamba haikutoshea dirisha hata moja. Mapazia yale yamekatwa kwa ajili ya dirisha fupi na pana, na dirisha la namna hiyo halimo katika nyumba hii. Halafu kuna kile kitanda. Shuka la kufunikia ule ubao wako nimeliona limekunjwa chini ya meza. Upana wake ni wa kitanda cha mtu mmoja. Kaka yako na mkewe wamekuwa wakilala juu ya kitanda cha mtu mmoja tangu lini?

Nimefikiri mengi. Kwanza nilidhani kaka yako ana nyumba ya pili na mwanamke wa pili. Nikaona haiwezekani, kwa kuwa hakuna mke anayemshonea mke mwenzake mapazia huku akiimba. Kisha nikamwona kaka yako mwenyewe kwenye ofisi ya mabasi na furushi kubwa. Nikamuuliza ni nini hicho. Akasema ni vipuri vya jokofu. Mimi nimezaa fundi wa majokofu, na sijawahi kuona kipuri kinachokunjika mara nne.

Nitakuambia ninachokijua kutokana na kazi yangu. Bwenini, msichana aliyehamishwa bila kuulizwa alikuta kitanda chake kimetandikwa vizuri kuliko cha mwenzake yeyote. Niliamriwa hivyo. Kitanda hutangulia, habari hufuata. Kwa hiyo mtu akianza kumtandikia mtu mzima kitanda kwa siri, mimi naelewa kwamba kuna mtu atakayehamishwa. Katika nyumba hii kuna mtu mmoja tu anayelala peke yake.

Nijibu jambo dogo. Kile chumba chako kidogo unachowekea pasi na ndoo, dirisha lake likoje?

Mama yako


24 Aprili

Binti yangu,

Natumaini hujaugua. Kama umeugua, mwambie mwenzako wa zamu aniandikie mstari mmoja. Kama hujaugua, basi nimekwisha kupata jibu langu, maana swali la dirisha halihitaji mwezi mzima.

Jana wakati wa kula niliwauliza wote wawili waziwazi, "Mnanipeleka wapi?" Wifi yako akasema, "Mama, kula kwanza." Kaka yako akaanza kueleza namna gesi inavyovuja kwenye mitambo ya baridi. Tangu utoto wake, akibanwa hueleza mitambo.

Kabati nimelifunga, na ufunguo nalala nao. Kilichobaki humo ndani ni shuka langu moja na sanda niliyojiwekea. Hivyo havitapamba chumba cha mtu.

Nimemwandikia pia Mpishi, yule mwenzangu wa zamani wa bweni. Anaishi peke yake siku hizi, naye amenijibu kwa barua ya mstari mmoja: "Chumba kipo, njoo, lakini usinipangie jiko." Nakueleza ili usije ukasema na mimi nafanya siri.

Mama yako


2 Mei

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Naona aibu, na aibu haina likizo ya ugonjwa.

Dirisha la chumba changu kidogo ni fupi na pana. Kamba ile niliituma mimi. Nilipima, nikafunga mafundo, nikamkabidhi dereva wa basi.

Kaka amehamishwa kikazi. Nyumba mnayokaa ni ya kampuni, unajua, na mwisho wa Juni wanatakiwa kuirudisha. Huko aendako mafundi wanakaa kambini, chumba kimoja kwa kila fundi na mkewe, na choo ni cha wote. Aliambiwa tangu Januari. Alinipigia simu analia, Mama. Mtu mzima mwenye ndevu. Akasema, "Nikimwambia sasa hivi, ataona namtupa. Tumwandalie kwanza pahali pazuri, akipaona moyo utatulia." Wifi ndiye aliyesema pasiwe na kitu kigeni, kila utakachogusa kiwe chako. Basi tukaanza. Nimefanya kosa, lakini naomba nikueleze chumba kilivyo.

Ndoo na pasi nimezitoa. Ukuta nimeupaka chokaa. Mapazia ya bluu yako dirishani. Wifi aliyakata sehemu iliyopauka, akaongeza pindo la shuka jeupe chini, na asubuhi mwanga wake ni wa upole. Ubao wa kichwani una blanketi la kijivu ndani na shuka lako juu. Kitambaa cha meza ulichodarizi tumekinyoosha kwenye fremu kuukuu ya dirisha, kiko ukutani mkabala na kitanda. Mashati ya Baba yamekuwa kitandiko. Wifi aliyakata vipande vya mraba, lakini mifuko ya kifuani hakuitoa. Mmoja uko upande wako wa kulia, wa kuwekea miwani.

Hakuna tulichonunua ila chokaa na misumari. Utalala vizuri, Mama. Nimemaliza kila kitu. Kaka atakuleta wiki ya mwisho ya Juni, tumekwisha kupanga na mwenye basi kuhusu sanduku lako. Cherehani itakuja na mizigo ya pili.

Usimkasirikie wifi. Anashona huku akikuogopa.

Mwanao


13 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Nashukuru kwamba huumwi, na nashukuru zaidi kwamba umesema. Goti limetulia. Kaka yako amekwisha kuniomba radhi. Alikuja akakaa sakafuni kama mtoto, na safari hii hakutaja mtambo wowote. Nimemwambia ainuke, suruali ni ya kazi.

Sina hasira na vitambaa. Wifi yako alinionyesha kipande alichobakiza cha mashati, na mshono wake umenyooka. Nimemwambia hivyo. Akalia, nikamwachia ufunguo wa kabati ajue nimesema kweli.

Lakini bado nina mashaka, na nitayaandika, kwa sababu nyinyi mmekwisha kunionyesha kwamba tukikaa kimya tunadanganyana. Mmepima dirisha. Mmepima kitanda. Mmezungumza na mwenye basi kuhusu sanduku langu. Mtu pekee ambaye hamkuzungumza naye ni mwenye sanduku. Chumba kizuri namna hiyo, mwanangu, humziba mtu mdomo. Nikikikataa, nitaonekana nimelikataa shati la baba yako. Hamkukusudia, najua. Ndivyo ilivyo hata hivyo.

Ninayo maswali ambayo mapazia hayawezi kuyajibu. Ukiwa zamu ya usiku, nani yuko nyumbani? Ukitoka zamu ukalala mchana, mimi nitembee kwa vidole? Nitakuwa na ufunguo wa mlango wa mbele, au nitafunguliwa? Mgeni wangu akija, nitampokea wapi? Nikisema sipendi jambo, litabadilika, au utanionyesha tena jinsi ulivyopinda pazia?

Mpishi ana chumba. Amenieleza kilivyo: kitanda cha chuma, dirisha halina kitu, ukuta una kunguru wa mkaa waliochorwa na wapangaji waliopita. Ni mbishi, anakoroma, na tutagombana juu ya chumvi. Lakini aliandika "njoo," kisha akangoja.

Jumatatu nitakwenda kwake, nikae wiki mbili. Nachukua mkoba mmoja. Nataka nilale kwanza kwenye kitanda ambacho hakijapambwa, maana hicho hakinibembelezi. Nikitoka huko nitakuja kwako, nikae wiki mbili vilevile, kama mgeni. Usiniletee basi wala mtu wa kunipokea, nitauliza njia. Na ukiwa zamuni siku nitakayofika, usiombe ruhusa. Nataka niione nyumba yako ilivyo wakati hupo.

Kaka yako asipeleke sanduku popote. Wewe usiwaambie watu kwamba nimekubali, wala usiwaambie kwamba nimekataa. Kitandiko kiache kama kilivyo; hakina kosa.

Nijibu maswali yangu yote, hata lile la vidole. Nikishaamua, nitakuandikia mimi mwenyewe.

Akupendaye,
Mama yako