Ruta ya Antena Moja

Kibagabaga, Kigali

Dada Connie,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Na goti la mama? Huku mvua zimeanza, na dukani ruta zinaisha kabla sijazipanga. Mteja anaulizia mlangoni: "Hii iko na antena ngapi?" Yenye nne anaikunjia uso, yenye nane anaikumbatia. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nawaambia nyumba haitabaki na kona isiyofikiwa na intaneti.

Shemeji yako Rugamba alinisikia. Alinunua yenye nane, akaiweka sebuleni.

Kamera yake ya uani zamani ilikuwa haishiki intaneti, ndiyo maana nilikuwa nakupigia nikiwa nyuma ya jiko. Sasa inashika. Aliniona nikilia nikiongea na wewe, akachukua simu na kitambulisho changu. Samahani kwa ukimya. Asubuhi ananileta kazini mwenyewe, jioni ananifuata.

Naandika hapa kaunta. Barua ataileta Mama Akimana, mteja wetu anayekuja Bukoba kununua dagaa. Usijaribu kunipigia, simu anapokea yeye.

Tuma mtu unayemwamini, aje mchana, aulize ruta ya antena moja. Tunayo moja tu, imejaa vumbi, na tangu mwaka jana hakuna hata mtu mmoja aliyeiulizia. Nikisikia swali hilo, nachukua mkoba wangu natoka naye.

Mdogo wako,
Gwiza