Shemeji Pembeni mwa Mgunga

Jumamosi, 8 Juni

Jangwani tangu alfajiri. Shemeji, mume wa dada, kanipeleka kwa gari la kampuni ya visima anayoiendeshea. Ofisini kaaga anakwenda gereji. Kanitania njia nzima: wenzako wanapiga picha maharusi, wewe miti ya miiba.

Lenzi mpya ya jicho la samaki inameza kila kitu. Lazima uusogelee mti hadi miiba ikukwaruze kofia, la sivyo mti unatoka pichani kama njiti ya kiberiti. Na ukisogea, inachukua mpaka viatu vyako. Ila ule mgunga wa mwisho — matawi yamejikunja duara zima! Sijafurahi hivi siku nyingi.

Jumatatu, 10 Juni

Picha ya ule mgunga nimeiweka mtandaoni. Viatu vyangu nimevifuta, na kivuli changu. Pembeni kabisa kabaki shemeji, kaegemea gari, nembo ya kampuni mlangoni. Nilimwona. Lakini lile gari jeupe lilipendeza pale. Nikajisemea, nani atatazama pembeni?

Alhamisi, 13 Juni

Shemeji kasimamishwa kazi. Dada kanipigia analia. Bosi anajua gari lilifika jangwani, hasemi kajuaje.

Nimefungua picha. Chini yake mtu kauliza: gari letu linatafuta nini huko? Nimeifuta haraka. Viatu nilivifuta, mume wa dada nikamwacha. Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Ijumaa, 14 Juni

Shemeji anaamini kachongewa na mlinzi wa getini kazini, rafiki yake wa chanda na pete. Leo nimemsindikiza ofisini, kampita bila salamu. Mlinzi kabaki na mkono hewani. Maneno yalinifika mdomoni — nikaomba maji ya kunywa.

Jumapili, 16 Juni

Nimekuja kwa dada na shemeji niseme ukweli. Njia nzima nimejiapiza.

Dada kanidaka mlangoni, kanivuta sebuleni. Ukutani kuna fremu kubwa, kaifunika khanga. Kumbe aliihifadhi picha yangu kwenye simu kabla sijaifuta, kaichapisha, amchangamshe mumewe. Nimechungulia. Kwa ukubwa huu hata nembo inasomeka. Dada hajaona; anautazama mti tu. Ananong'ona: utaifunua wewe, fundi mwenyewe.

Nimejifungia chumba cha wageni, naandika magotini. Maji ya bafuni yamenyamaza. Shemeji katoka kuoga, anacheka, mara ya kwanza wiki hii. Anaita: shemeji, njoo unionyeshe huo mti wako. Sasa anamuuliza dada miwani yake iko wapi.