Swali Lililotangazwa Kanisani

Kampala, Jumapili

Mdogo wangu mpendwa Bahati,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe pamoja na wote mnaolala chini ya maturubai huko upande wa Walikale. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Amepata dawa? Mvua imepungua, au bado mnaamka mkikamua mablanketi? Sisi huku tu wazima. Binti yangu Furaha anaendelea na kazi yake ya kushona, nami naenda chuoni kila asubuhi na mkoba wangu, kama mtoto wa shule.

Barua hii nimempa Mama Masika, mfanyabiashara wa Butembo ninayesoma naye. Anaondoka kesho kwenda Goma, na dereva wake atakuletea mkononi. Sikutaka kukueleza kwa simu. Mambo haya yanahitaji kuandikwa yote, yasikatike katikati.

Uliniuliza kama mrudi Kalembe au mbaki mlipo. Ulisema watu wote wanangoja neno langu, na maharage yanaozea shambani. Kabla sijakujibu, sharti ujue habari iliyowakimbiza ilitoka wapi. Naandika kwa aibu.

Chuoni tunafundishwa kutafuta habari na kuzipima kabla ya kuziamini. Mwalimu wetu ni binti mdogo kuliko Furaha. Siku za kwanza nilimdharau. Nilimwambia mbele ya darasa kwamba nilianza kufundisha kabla hajazaliwa, na kwamba mtu aliyesoma hutambua uongo mara anapousikia. Hakukasirika. Alitupa kazi: kila mmoja achague habari moja iliyomfikia kwa simu, aifuatilie nyuma mtu kwa mtu, na amwulize kila mmoja kama aliona au alisikia, na kama alisikia, alisikia kwa nani. Tusiache mpaka tumfikie aliyeona kwa macho yake.

Mimi nilichagua habari ya Burungu. Unaikumbuka: watu wa Burungu wamehama wote, wapiganaji wameshika njia ya kuja Kalembe. Binamu yetu wa Goma alinitumia ninyi mkiwa mmekwisha kukimbia. Niliihesabu kuwa kweli isiyo na shaka. Nilitaka kumwonyesha binti yule kwamba habari nyingine hazihitaji kupimwa.

Binamu alisema aliipata kwa dereva wa lori. Kumbe dereva huyo ni wa Mama Masika, kwa hiyo tulimpigia papo hapo, kundi letu lote likisikiliza. Hakuona kitu Burungu. Aliambiwa na watu waliokimbia Kalembe, aliowakuta njiani wakielekea Walikale. Nikamtafuta mmoja wao, yule seremala jirani yako. Naye hakuona hata mtu mmoja aliyetoka Burungu. Alisikia kanisani, wakati wa matangazo baada ya ibada, shemasi aliposoma kwamba Mwalimu amepiga simu kutoka Kampala na amesema Burungu wamehama.

Mama Masika, asiyejua kumwonea mtu haya, alivua miwani akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "ule muntu tunatafuta, njo weye."

Kundi lote lilicheka. Binti yule hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Siku hiyohiyo nilikupigia, nikakuuliza kwa ukali ni nani aliyempa shemasi maneno hayo. Ukasema ni wewe. Nikakukemea, nikasema mimi niliuliza tu. Kabla hamjakimbia nilikuwa nimeona kwenye simu picha ya watu waliobeba magodoro barabarani, na chini yake pameandikwa Burungu, ndipo nikakuuliza kama watu wa huko wamehama. Ukanijibu kwa upole, nami tangu hapo silali vizuri:

"Kaka, weye hauulizake kitu haujue. Njo maana tulikimbia."

Kweli, sikuzoea kuuliza nisichokijua. Karibu watu wazima wote wa kanisa lile walikaa kwenye madawati yangu. Miaka yote hiyo niliwauliza maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo mfukoni, na aliyethubutu kuniuliza nimejuaje nilimsimamisha akitazama ukuta. Kwenu ninyi swali langu ni habari tayari. Nani angeuliza nilikuwa wapi nilipoyaona hayo? Nilikuwa hapa, jikoni kwa binti yangu, nakunywa chai.

Picha yenyewe tuliitafuta darasani. Kompyuta inaweza kuonyesha picha imepata kuonekana wapi kabla. Ile ilikuwa imezunguka kwa miaka, kila mara na jina la kijiji kingine.

Sasa nakujibu. Sijui kama Kalembe kuna usalama. Usiwaambie nimesema mrudi, wala usiwaambie nimesema mbaki. Huenda tangu mlipohama hatari imefika kweli. Tafuteni walioona. Wapo akina mama wanaoleta mihogo sokoni kutoka upande wa Kalembe, na wapo wafugaji wanaopitisha ng'ombe kutoka Burungu. Mwulize kila mmoja peke yake, mbali na wenzake: alipita lini, alipita wapi, aliona nini yeye mwenyewe. Wawili wasiofahamiana wakisema jambo moja, hapo mna pa kuanzia. Wakitofautiana, ngojeni, hata kama maharage yataoza.

Jambo jingine ni zito kwangu. Mwombe shemasi asome maneno haya Jumapili hapo mnapokusanyika, asipunguze kitu:

"Mwalimu hakuona lolote Burungu. Aliuliza swali kwa sababu ya picha ya uongo, nalo likatangazwa kama habari. Anawaomba msamaha wote waliotoka majumbani mwao. Hajui kama njia ni salama. Msimngoje."

Wengine watacheka, wengine watakasirika, na wote wana haki. Akisimama mtu na kuuliza haya nayo Mwalimu ameyajuaje, usimketishe. Mweleze yote, hata maneno ya Mama Masika.

Msalimie mke wako, aliyetembea njia ile yote na mtoto mgongoni. Msalimie shangazi yetu anayewapikia wazee, na jirani yako seremala. Mwambie namshukuru kwa kunijibu kweli.

Mama usimsomee barua hii mbele za watu. Kaa naye peke yake. Vita vyote vya nyuma alikataa kuondoka. Tulimwomba, tulilia, akabaki na jiko lake. Safari hii, uliniambia, alipoambiwa kwamba ni mimi niliyesema, aliketi kwenye tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, bila kubisha, mkambeba msituni. Mwambie mwanawe hakujua alichokuwa anasema.

Kaka yako mwenye haya,
Elia