Kioo Kisicho na Mapovu

Kasese, Jumamosi jioni. Mabati bado yanatoa joto la mchana, na mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi. Kichwa changu nacho kimejaa mawingu.

Daftari, nimevurugikiwa. Naandika nione kama mambo yatakaa sawa.

Jana asubuhi alikuja Kasereka, dereva wa tajiri mmoja wa kahawa mwenye shamba upande wa Kongo na ghala pale Bwera. Alileta gari la Kimarekani, refu hata halikuenea chini ya kivuli cha karakana yangu. Gari hilo lina mashine ya kutengeneza baridi. Tangu nilipotoka jeshini nimetengeneza malori ya pamba, ya chumvi na ya samaki, lakini kitu kama hiki nilikuwa nakisikia tu.

Tajiri, ambaye Kasereka humwita patron, analalamika kwamba baridi imepungua. Anasema dereva ameimaliza gesi ya mashine kwa kujipuliza akiwa peke yake. Jumatatu anarudi kutoka safarini. Akikuta gesi imeisha, Kasereka hana kazi.

Gari lilikuja na kikaratasi cha maelezo, Kiingereza upande mmoja, Kifaransa upande wa pili. Nilikisoma kwa Kiingereza changu cha jeshini, kidole kikifuata maneno. Washa mashine, tazama kidirisha kidogo cha kioo kwenye bomba. Ukiona mapovu, gesi imepungua. Kioo kikiwa safi, gesi imejaa.

Tukawasha. Nikainama, nikafuta vumbi, nikatazama. Safi kabisa, hakuna povu hata moja.

Ili kuhakikisha tukaliendesha mpaka Ibanda. Baridi ilitupata kweli, nikafunga vifungo vyote vya shati. Tuliporudi, mke wangu akaweka mkono kwenye tundu linalotoa upepo, akasema, "Baba Zaina, hii inapuliza tu. Haifikii hata maji ya mutungi yangu."

Nikamcheka mbele ya mgeni. Kisha nikaandika karatasi: Gesi imejaa. Nikatia sahihi. Kasereka akaipokea kwa mikono miwili, akarudi Bwera. Kikaratasi cha maelezo akakisahau mezani kwangu.

Leo baada ya swala ya adhuhuri nilikisoma tena, kwa kujivuna tu, nijione nilivyo fundi. Ndipo nikakuta kwamba baada ya pale nilipoishia kuna maneno mengine. Kioo huwa safi pia ikiwa gesi imeisha kabisa. Gusa mabomba mawili ya mashine. Moja liwe la moto, jingine la baridi. Yakilingana, gesi hakuna.

Niliishia kwenye nukta iliyonipendeza.

Sasa kioo kile kilikuwa safi kwa sababu ipi? Na ile baridi ya Ibanda? Asubuhi Ibanda kuna baridi hata kwa mtu anayetembea kwa miguu. Tena, nikiri, dirisha la upande wangu lilikuwa wazi njia nzima. Nilitaka watu wanione.

Sikukaa. Nikadandia lori la chumvi hadi Bwera, nikamkuta Kasereka nyuma ya ghala anaosha gari. Nikamwambia awashe mashine. Nikashika bomba moja, nikashika la pili, nikangoja, nikarudia. Yalikuwa na uvuguvugu uleule.

Kasereka aliona uso wangu. Akazima injini, akakaa juu ya ndoo.

"Fundi, ule gaz ni miye nilimaliza," akasema. "Patron akiingia ku bureau, mu ofisi yake, miye nabaki mu motokari, nafunga madirisha, nawasha baridi, nalala. Siku yote. Nilijua itaisha."

Niliona huruma, na niliona aibu. Mtu huyu alikuwa amebeba karatasi yangu akijua ni ya uongo, na mimi niliyeiandika sikujua.

Nikamwambia, "Sikiza, Kasereka. Hii gesi haimaliziki kama petroli. Inazunguka ndani ya bomba, inarudi, inazunguka tena. Wewe lala ndani mwaka muzima, haiishi. Kama imepotea, iko mahali imevuja."

"Kweli, fundi?"

"Kikaratasi inasema hivyo, kule mwisho ambako jana sikufika."

Tulitafuta panapovuja. Kwenye kiungo kimoja cha bomba nikakuta mafuta yameshika vumbi. Labda ndipo. Labda ni mafuta ya injini tu. Nikaichana karatasi ya jana, nikaandika nyingine: Gesi imeisha kwa kuvuja. Dereva hawezi kuimaliza kwa kuitumia. Akaisoma polepole, akauliza kama patron atakubali.

Sasa niko nyumbani na sielewi. Sabuni ukiitumia inaisha. Chumvi inaisha, petroli inaisha, hata nguvu za mtu zinaisha. Kitu gani hiki kinachofanya kazi kila siku na kubaki vilevile? Nilimweleza Kasereka kwa sauti ya fundi, na sauti hiyohiyo ndiyo niliyotumia jana.

Kikaratasi nimekisoma chote mara tatu, mpaka pale chini palipoandikwa mji wa kiwanda. Hakuna sentensi iliyobaki. Bado naogopa kwamba nimeamini kwa sababu nataka Kasereka abaki na kazi yake.

Mama Zaina nimemwambia kwamba jana alisema kweli. Amejibu kuwa anajua, akaendelea kupepeta mchele.

Jumatatu nitafunga karakana, niwahi Bwera kabla patron hajafika. Nitasimama kando ya Kasereka, nimwonyeshe patron mabomba, ayashike kwa mkono wake. Kama nimekosea tena, anifokee mimi.